Timazi na Pini Kumi

Mume wangu ni mwashi, na watu wote wanamwita Timazi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake akiwa bado kijana, kwa sababu ukuta alioujenga yeye ukiupima kwa timazi, ile kamba yenye kizito chini, kamba inashuka na ukuta sambamba kuanzia juu mpaka kwenye msingi. Hata mimi namwita hivyo hivyo, isipokuwa nikikasirika. Nikikasirika namwita baba watoto, na hapo anajua aache alichokishika.

Presha ya macho ilimjia kimyakimya. Alianza kwa kugonga bega kwenye miimo ya milango, tukamcheka. Akaja kumimina chai nje ya kikombe, tukaacha kucheka. Tulipofika kliniki tulikuwa tumeshachelewa. Daktari alimpima muda mrefu, akamwandikia matone, kisha akaniita mimi pembeni kwenye korido.

"Mama, yaliyokwenda hayatarudi," akaniambia. "Matone ni ya kuzuia maumivu tu. Twende tumweleze."

Nikamwambia aniachie, nitamweleza mwenyewe. Nikaingia ndani nikamkuta mume wangu amekaa, ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kasema nini?"

"Kasema utie matone bila kukosa. Taratibu yatarudi."

Sikupanga kusema vile, yalinitoka tu. Basi kwa miezi minane mtu wangu akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akisubiri macho. Asubuhi matone, jioni matone, na kila akishatia anageuza uso dirishani na kuyatumbua macho yote mawili. "Leo kuna jua?" ananiuliza. Mimi namjibu, leo kuna wingu, ndiyo maana huoni. Mungu anisamehe.

Kuna mama mmoja wa kliniki alikuja mara mbili na fimbo nyeupe. Anawafundisha watu wasioona kutembea, kupika na kuvuka barabara. Mara zote mbili Timazi alimrudisha kwa adabu. "Mimi si kipofu, mama. Mimi ni mgonjwa. Nikipona nitakujengea nyumba." Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu nashona sare za shule, na yule mama alinitazama sana. Nikaendelea kukanyaga pedali, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.

Shule zilipofungwa, binti yetu akaja na mwanawe wa kike, mtoto wa miaka tisa mwenye mdomo wa watu wazima kumi. Walikuja na sanduku. Binti yangu anafanya usafi hotelini. Meneja wake alikuwa anahama, akawagawia wafanyakazi vitu vyake. Wengine walipata masufuria. Yeye akapata mashine ya gemu. Nikasema kimoyomoyo, afadhali masufuria.

Nilidhani ni zile gemu za kuinama na kubonyeza vidole mpaka shingo ipinde. Mjukuu akachomeka waya kwenye televisheni, akaweka kijiti cheusi juu yake, akanifunga mkononi kamba ya rimoti nyeupe.

"Hii haitaki kubonyezwa sana, bibi. Hii inakuona."

"Inaniona kwa macho gani?"

"We inua mkono tu."

Nikainua mkono. Kule ndani ya kioo, kamkono kadogo kakainuka. Nikautikisa, nako kakatikisika. Nikauzungusha polepole, polepole kabisa, nikidhani nitakakamata kakidanganya, lakini kakazunguka na mimi. Jamani! Mwili ulinisisimka wote. Hakuna waya, hakuna uzi, mimi niko huku kwenye zulia langu na mkono wangu uko kule. Nimeshona nguo miaka thelathini, najua kitu hakifuati kitu bila uzi. Nilikaa chini kidogo nipumzike.

Mjukuu akatufungulia mchezo wa pini. Unaona njia ndefu ya mbao inang'aa, na mwisho wake zimesimama pini kumi. Unabonyeza kitufe, unarudisha mkono nyuma, unaupeleka mbele, ukiachia kitufe mpira mzito unaviringika. Kwenye mtupo wangu wa kwanza mkono uliishia kwenye kabati. Vikombe vikalia, binti yangu akapiga kelele kutoka jikoni.

"Kuna nini huko?" Timazi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Mjukuu akamweleza yote. Mzee akasikiliza, ameinamisha kichwa.

"Mpira uko wapi?"

"Ndani ya televisheni, babu."

"Na mkono?"

"Wako."

"Na katikati?"

"Hamna kitu."

 Akanyoosha mkono. "Hebu nipe."

Akasimama. Miezi minane alikuwa anasimama kwa ajili ya choo na kitanda tu, na sasa amesimama sebuleni, mrefu vile vile kama zamani. Akarudi nyuma mpaka mashavu ya miguu yakagusa kiti, akapiga hatua moja mbele, akauliza meza iko umbali gani. Mjukuu akamshika kiuno akamwelekeza. 

Sasa, mwashi akishachota simenti kwa mwiko, huukung'uta kwanza nyuma, pap, ndipo anaipeleka kwenye tofali. Mkono wake haujui njia nyingine. Akabonyeza, akarudisha mkono, akakung'uta, na kidole kikaachia kitufe. Mpira ukaanguka nyuma. Watazamaji wote wa kwenye kioo wakaruka juu kwa woga.

"Babu!" mtoto akaanguka kwenye zulia kwa kicheko. "Umewatupia watu!"

"Nimeua wangapi?" Timazi akauliza, na akacheka. Ile sauti nilikuwa nimeisahau. Binti yangu alitoka jikoni kuja kuhakikisha.

Mara ya pili aliuzuia mkono usikung'ute. Ukaenda mbele umenyooka, mpira ukaondoka, halafu kishindo. Muziki ukapigwa, taa zikawaka kule ndani.

"Zote, babu! Kumi!"

 Alikuwa ameiweka rimoti kifuani. "Imenitetemekea mkononi," akasema. "Nimeusikia mpira unaniacha." Uso wake ulikuwa umefunguka, na mimi nikajisemea, huyu mtu asikae tena. Nifanye lolote, asikae tena.

Mtupo uliofuata ukaenda upande. Pini tatu zikaanguka, saba zikabaki zimesimama.

"Ngapi?"

Mjukuu akafungua mdomo. Nikamwekea kidole midomoni mwangu, nyamaza. "Nane!" nikasema, kwa ile sauti ya furaha niliyoizoea. "Umebakiza mbili tu!"

Timazi akanigeuzia sikio.

"Nane?"

"Nane."

"Mjukuu wangu. Ngapi?"

Mtoto akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Tatu, babu. Bibi kaniwekea kidole."

"Na mimi nimesikia tatu," akasema. Kisha akanigeuzia uso, moja kwa moja pale nilipokuwa. "Na macho yangu? Nayo ni nane, au ni tatu?"

Uongo ulikuwepo tayari kinywani, naapa. Nilihitaji kusema tu, leo kuna wingu. Lakini alikuwa amesimama akinisikiliza kwa mwili mzima, na nilijua ataisikia sauti yangu kama alivyozisikia zile pini.

"Hayatarudi," nikasema. "Daktari aliniambia siku ile ile. Mimi ndiye niliyekuficha."

Binti yangu alikuwa mlangoni, mikono inadondosha maji. "Mama! Hata mimi?"

"Hata wewe."

Muziki wa gemu ukaendelea kucheza, wa furaha, hauna habari na mtu. Timazi akawa anapangusa rimoti kwa dole gumba. Nilitamani anifokee.

"Miezi minane," akasema taratibu. "Yule mama alikuja mlangoni mara mbili, nikamfukuza. Ningekuwa natembea mpaka barabarani saa hizi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilidhani ukijua utakufa."

"Haya, nimejua." Na alikuwa bado amesimama. Nililia mpaka kamasi, mtu mzima mimi, mbele ya mjukuu. Hakuja kunibembeleza, na sikustahili.

Baada ya muda akamuuliza mtoto, "Zamu ya nani?"

"Yako, babu. Una mtupo mmoja hapo, zimebaki saba."

Akatupa. Kishindo kikaja kidogo kidogo. Kabla namba haijatokea kwenye kioo akasema, "Tano." Namba ikatokea: tano.

"Umejuaje?" mtoto akauliza, macho yamemtoka.

"Tofali zima ukiligonga linalia. Lenye ufa halilii, linajikohoza tu. Nimeyasikiliza miaka thelathini, hayo. Hizi nazo zinaanguka moja moja. Mkinyamaza, zinahesabika."

Mtoto akafumba macho ajaribu. Binti yangu naye akafumba. Na mimi, machozi na yote, nikafumba. Nilisikia kelele tu, kama mtu kaangusha mzigo wa kuni. Yeye akasema, "Tisa, na ya mwisho imeyumba ikakataa." Tukafumbua. Tisa, na ile moja imesimama peke yake.

Tulicheza mpaka mwanga wa dirishani ukapungua, au niseme, alicheza, sisi tulikuwa tunashangaa. Alikosea mara moja tu, na mara hiyo ni mimi niliyepiga chafya. Kuna wakati niliacha kutazama televisheni nikawa namtazama yeye, amepinda shingo, midomo inahesabu, na nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na moja. Daktari aliposema macho yamekwenda, mimi nilielewa kwamba yeye ndiye aliyekwenda. Kumbe alikuwa amejaa vile, na mimi nimemfungia kitini kwa huruma.

Kabla ya kula akamwambia binti ampigie yule mama wa kliniki. Darasa lipo Jumanne, tukaambiwa, na aje na viatu vya kutembelea. Timazi akauliza vyake viko wapi. Nikamwambia kweli: niligawa.

"Uligawa viatu vyangu?"

"Niligawa, baba watoto."

"Leo aliyekasirika ni mimi," akasema, "mbona unaniita hivyo wewe?" Mjukuu akacheka, na mimi nikathubutu kupumua.

Baada ya kula alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yangu, akipapasa ukuta. Akakaa kwenye kigoda changu cha kuwekea vitambaa.

"Nieleze chumba hiki," akasema. "Usinipambie."

Nikamweleza. Pazia lina tundu, niliunguza kwa pasi. Zulia limepauka upande wa dirisha. Juu ya mlango, ukuta alioujenga mwenyewe umepata ufa tangu mvua zilizopita, nami nikaunyamazia.

"Mrefu?"

"Kama mkono wangu, mpaka kwenye kiwiko."

Akatikisa kichwa, akipima. "Unazibika huo. Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Ukoje?"

Nikatafuta namna ya kulisema, nikakosa, nikalisema lilivyo. "Nimezeeka, Timazi. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe zote. Nimekonda, gauni la kijani nimelipunguza mara mbili. Usiku silali. Ni hii miezi minane."

 "Pole, mke wangu," akasema.

Tangu tutoke kliniki mimi ndiye niliyekuwa nikimpa yeye pole, asubuhi na jioni, pamoja na matone.