Ploti ya Mokeira

Ogari Nyaberi alizaliwa katika kambi ya wachuma chai, upande wa juu wa Kapsoit, chumba kimoja chenye jiko huku na kitanda kule. Wazazi wake walitoka Kisii wakiwa vijana. Baba alipokufa, kampuni ilitoa lori limrudishe alikotoka, kwa sababu kati ya chai yote ile, kilima baada ya kilima, hapakuwa na kipande cha kumlaza mchumaji. Ogari alisafiri nyuma ya lori, amelikumbatia jeneza lisirukeruke kwenye mashimo. Hasira iliyomwingia siku hiyo haikumtoka tena.

Ndiyo iliyomsukuma kugombea udiwani mwaka wa 1992. Wenzake waliahidi lami na taa. Yeye aliahidi makaburi.

"Kaunsila wa maiti!" walimzomea sokoni. "Kwani marehemu wanapiga kura?"

Watu wa kambi hawakucheka. Walikuwa wameuza mbuzi na baiskeli ili kukodi magari ya kubebea wafu wao. Wenyeji Wakipsigis nao, baadhi yao, walimpigia kura. Mmoja alikuwa Chepkirui, muuza maziwa, aliyemficha Mokeira, mama yake Ogari, ghalani mwake wakati nyumba za waliohamia kutoka kwingine zilipokuwa zikichomwa mapema mwaka huo.

Ogari akashinda. Baada ya kubishana miaka miwili, baraza la mji likapitisha kwamba mteremko ulio karibu na mto utakuwa makaburi ya umma. Kisha barabara ikapanuliwa, ikapita pale pale, na ghafla mteremko ukawa mtamu. Meya akamwita ofisini.

"Ogari, ndugu yangu, wafu hawahitaji kukaa kando ya barabara. Pale ni pa maduka."

"Baraza lilipitisha, Mheshimiwa."

"Limepitisha lingine, juzi. Wewe ulikuwa umeenda matanga." Meya akatabasamu. "Usinune basi. Hatukukusahau. Ile ploti ya katikati ni yako."

Ogari alitoka bila kuaga. Alipopinga barazani, diwani mmoja alimwambia kama anapenda makaburi arudi Kisii, yako mengi. Ukumbi mzima ukacheka, nje vigingi vikapigwa, na mteremko ulioahidiwa maskini ukagawanywa kama nyama ya arusi.

Mvua za 1996 zilipokuwa zinakatika, Mokeira akafa. Alikuwa amemwambia mwanawe waziwazi, "Mimi miguu yangu imemalizia nguvu hapa. Usinipandishe lori." Lakini Obure, mdogo wa marehemu baba, alifika kutoka Kisii na pikapu na wazee wawili.

"Mke wa ndugu yetu analala kando ya mumewe," alisema.

"Baba mdogo, mlipochukua shamba la baba mlimwambia mama hana chake kule. Leo amepata chake kwa kuwa amekufa?"

"Utatuaibisha! Mke wa watu azikwe ardhi ya kaunsil, kama mtu aliyeokotwa njiani?"

"Si ya kaunsil," Ogari akajibu. "Ni ploti yangu."

Alikuwa ametoka kuikubali asubuhi ile ile, kwa karani wa mji, ambaye alimpa mkono akimpongeza kwamba hatimaye amepata akili. Alasiri vijana wa kambi wakachimba katikati ya vigingi, Obure na wazee wake wakitazama kutoka kwenye pikapu. Jeneza lilikuwa ukingoni meya alipofika na askari wawili.

"Ogari, umeharibu ardhi ya watu!"

"Hii ni yangu. Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilikupa ujenge!"

Chepkirui, aliyekuwa ameshika maua, akamgeukia. "Mheshimiwa, toa kofia kwanza. Kuna marehemu hapa."

Askari walitangulia kuvua zao. Meya akatazama watu waliojaa mteremko, akavua yake, akasimama vile mpaka udongo ukamalizika, maana angeondokaje?

Baada ya hapo wenye ploti walianza kujitoa. Nani angefungua hoteli dirisha likitazama kaburi? Apiyo, mchuma chai aliyefiwa na mume, aliomba nafasi kando ya Mokeira, akapewa. Wengine hawakuomba, walileta wafu wao wakazika. Hakuna aliyewazuia.

Uchaguzi wa 1997 Ogari aliangushwa. Kambini walinong'onezwa kwamba alimtupa mama yake ugenini. Kwa wenyeji ilisemwa kwamba anapanda makaburi ili Wakisii wadai ardhi. Aliyeingia ni Isaiah, muuza mbao, mmoja wa wale waliokatiwa ploti. Mwaka uliofuata huyo Isaiah aliita mkutano pale pale kwenye mteremko, akazindua lango la chuma lenye jina lake kwa rangi nyeupe.

"Makaburi haya," alisema kwenye kipaza sauti, "tumeyapigania kwa jasho!"

Ogari alisimama katikati ya watu. "Mliyapigania na nani?"

"Mzee, kaa chini. Wakati wako umepita."

"Nimeuliza, na nani? Kigingi chako kilikuwa wapi, Isaiah? Waonyeshe!"

Isaiah akaangalia karatasi yake, akaanza kusifu lango. Kijana wa ulinzi akamshika Ogari mkono, taratibu, akimsihi akae. Hakukaa. Apiyo akainuka upande wa pili, leso mabegani, akaelekeza kidole miguuni pa diwani mpya.

"Kilikuwa hapo hapo aliposimama," alisema. "Mimi ndiye niliyeking'oa nikimzika mume wangu."