Kurudia Mtihani wa Ardhi

Kabla ya kusoma sheria nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Sumbawanga mjini. Nilifungua majalada, niliita majina ya watu barazani, na alasiri nilinakili hukumu kwa mwandiko ambao hakimu aliusifu kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mwaka wangu wa jeshi la kujenga taifa, lakini miaka ile mtu hakutoka darasani akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Ilibidi kwanza afanye kazi miaka miwili, kisha mwajiri wake na tawi la chama la mahali alipo waandike kwamba anafaa.

Miaka yangu miwili ilipokaribia kutimia, zilifika karatasi mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa nafasi ya kozi ya uhakimu wa mahakama ya mwanzo: mwaka mmoja tu, na mshahara unaendelea. Ya pili ilikuwa fomu ya kuomba digrii ya sheria Dar es Salaam: miaka mitatu, chakula na malazi juu ya serikali, lakini mshahara unakatika siku unapoondoka.

Hakimu wangu, mtu wa makamo aliyevaa sweta nzito hata mchana wa jua kwa sababu hakuwahi kuizoea baridi ya Ufipa, aliziweka zote mbili mezani.

"Nyumbani nani anakutegemea?" aliniuliza.

"Wadogo zangu wawili, mzee. Wako shule. Nawanunulia sare na madaftari."

"Basi chukua kozi. Baada ya mwaka unakaa kwenye kiti kama hiki. Digrii utaisoma ukiwa na nguvu."

Niliitikia, nikatoka, na nikatembea hadi chumbani kwangu nikijua kwamba sikutaka. Sikuwa na sababu kubwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeona watu wakishinda au kushindwa pale barazani kwa vifungu ambavyo hata hakimu alivisoma kwa kidole, neno kwa neno, halafu akavipita haraka. Nilitaka kujua vimetoka wapi.

Nilipanga chumba cha uani kwa familia ya Kiislamu iliyokuwa na duka na lori moja. Mama mwenye nyumba nilimwita mama, naye hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Aliniona nimekaa kizingitini na ile fomu, akataka kujua kuna nini, nikamweleza.

"Madaftari ya watoto wawili ndiyo yanakuzuia?" alisema. "Baba yako analeta mchele hapa kila msimu. Aulete kwetu dukani, wadogo zako watapata madaftari. Wewe jaza karatasi yako."

Hivyo ndivyo jambo lililoninyima raha wiki nzima lilivyomalizwa na mtu aliyekuwa anachambua maharage.

Hakimu, nilipomweleza, aliandika kwamba nafaa. Lililobaki lilikuwa tawi la chama. Katibu wa tawi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya upole na maswali yasiyo na upole. Walikaa watano nyuma ya meza ndefu, mimi nikasimama.

"Mwombaji anataka kusoma sheria," katibu alisoma. "Akimaliza awe nani? Wakili? Auze maneno kwa wenye magari?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye siasa nyingi ndani yake. Nilipofungua mdomo lilinipotea lote.

"Sijui nitakuwa nani," nilisema. "Najua tu kwamba watu wa huku wakija mahakamani hawajui wanachoulizwa. Nataka niwe naelewa mimi, ili niweze kuwaeleza."

Walitazamana. Katibu aliandika kitu, akaniambia niende. Wiki mbili nilikula bila kusikia ladha ya chakula. Barua ilipotoka ilikuwa na mstari mmoja: tawi halina pingamizi. Niliisoma nikiwa nimesimama karibu na kisima cha uani, nikamsikia mama mwenye nyumba akicheka, maana nilikuwa nimemwaga ndoo nzima ya maji miguuni mwangu bila kujua.

Niliondoka na lori lao hadi Tunduma, siku mbili kwa sababu ya matope, na kutoka hapo nikapanda treni.

Mwaka wa kwanza ulipita bila aibu. Sheria ya jinai niliijua kwa macho. Wezi wa ng'ombe na wapiganaji wa vilabuni nilikuwa nimewaita majina yao kwa miaka miwili. Tatizo langu lilikuwa Kiingereza. Nilikisoma vizuri, lakini nilipokiandika niliogopa, na woga huo nikauficha kwa kuandika kurasa nyingi. Posho ya vitabu ilitosha vitabu vitatu, kwa hiyo mimi na mwenzangu wa chumbani, kijana wa Tanga, tulinunua kila mmoja vya kwake na kubadilishana. Yeye aliandika majibu mafupi na kupata alama nzuri. Mimi nilijaza daftari la mtihani nikaomba la pili.

Mwaka wa pili tulisoma ardhi. Hilo nilidhani ni somo langu. Wazazi wangu walikuwa Milepa, bondeni, na walikuwa wamehamishwa, kama watu wengi wakati wa vijiji vya ujamaa, kutoka shamba lao la zamani kando ya mto hadi kwenye mstari wa nyumba karibu na barabara. Baba aliendelea kulima shamba la zamani kwa mwendo wa saa mbili kila asubuhi, na hakuna aliyejua kwa hakika kama bado ni lake. Mtihani ulipouliza juu ya haki ya mtu aliyeacha ardhi yake ya mila, niliandika kama niliyefunguliwa kamba. Nilieleza mto, mipaka, miti iliyopandwa na babu, jinsi majirani walivyoheshimiana. Nilitoka chumba cha mtihani nikiwa na furaha.

Barua ilinikuta Sumbawanga wakati wa likizo ndefu, nilipokuwa nimefikia tena kile chumba cha uani, kwa sanduku la posta la lile duka. Nimefaulu masomo yote isipokuwa ardhi. Nitarudia mtihani kabla ya mwaka wa tatu kuanza. Wanafunzi tuliuita mtihani huo sapu, na aliyefeli sapu alifukuzwa chuo. Hilo tuliliita kudisko, na tulilitaja kwa utani mpaka siku lilipomfika mtu. Pamoja na barua kulikuwa na maneno mawili matatu kutoka kwa mwalimu wa somo, aliyeniandikia kwa wema: jibu lako ni la kweli na linagusa moyo, lakini sheria iko wapi?

Kwa siku nne sikumwambia mtu. Siku ya tano nilikwenda mahakamani, nikamsubiri hakimu amalize mashauri, nikampa barua. Aliisoma mara mbili.

"Sheria yenu hii ya ardhi mimi siijui," alisema. "Nimesoma kozi ya mwaka mmoja, nawe unafahamu. Lakini kuuliza swali najua. Njoo kesho saa tisa na maswali ya mitihani iliyopita."

Nilikwenda kesho yake, na kila siku ya kazi kwa wiki sita. Alinikalisha mahali wanaposimama wadai. Yeye alikaa kwenye kiti chake na sweta yake, akanisomea swali, kisha akasema, "Kwa Kiswahili. Sentensi tatu. Nani anadai nini? Sheria inasema nini? Kwa hiyo nani anashinda?"

Siku ya kwanza nilianza na historia ya kijiji. Alinyanyua mkono. "Sikukuuliza hayo. Nani anadai nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mambo ya ardhi hayasemeki kwa sentensi tatu, kwamba watu wana maisha yao mle.

"Wanayo," alisema. "Na mimi kila siku naamua maisha yao kabla ya saa nane, kwa sababu wengine wanne wanangoja nje. Ukishanipa hizo tatu, nitakusikiliza mengine hadi jioni. Anza."

Wiki ya pili nilianza kuona kilichokuwa kinanishinda. Kwa Kiingereza nilikuwa nazunguka neno nisilolijua hadi nalisahau swali. Kwa Kiswahili hapakuwa na pa kujificha. Nilijua au sikujua. Nilipokuwa sijui, nilirudi chumbani nikafungua kitabu mahali hapo hapo. Nilipokuwa najua, sentensi zilitoka, na kuzigeuza Kiingereza ilikuwa kazi ya dakika chache tu.

Katika wiki ya nne baba alipanda kutoka Milepa na magunia ya mchele kwa ajili ya duka. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba silali vizuri wala sili, na alipoingia uani nilimwona ameshaingiwa na hofu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa chini. Una nini?"

Nilikuwa nimepanga kutomwambia kamwe. Lakini alikaa kwenye kigoda akanitazama, nami nikamwambia yote: kwamba nimefeli, kwamba nimefeli ardhi, somo ambalo nilimwandika yeye ndani yake, na kwamba nikifeli tena nitarudi nyumbani bila digrii na bila kazi.

Baba alivua kofia.

"Ni hilo tu?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi njia nzima nilidhani umempa mimba binti wa watu, au umeshika ugonjwa." Alipumua kwa nguvu, akaweka kofia juu ya goti. "Mtihani unarudiwa. Mimi kisomo nimekirudia. Hatua ya pili, mara mbili. Mwalimu wetu ni mtoto wa jirani, ananifelisha mbele ya mama yako."

Sikujua kwamba baba anasoma kisomo cha watu wazima. Alitoa mfukoni daftari lililokunjwa, akanionyesha mistari yake. Alikuwa ameandika jina lake, jina la kijiji, na sentensi moja juu ya mbolea. Herufi zilikuwa kubwa na zimeegemea upande mmoja. Tulikaa pale tukizitazama, nami nikaona bega langu limeshuka. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimelibeba juu karibu na sikio.

"Na shamba," niliuliza, "wewe unaona ni lako au si lako?"

"Nalilima," alisema. "Wewe kasome wanasemaje. Kisha uniambie."

Nilifika Dar es Salaam siku mbili kabla ya mtihani. Swali la tatu lilifanana sana na lile nililofeli. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikaweka kalamu chini, nikajizuia kuongeza. Nadhani hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya chuoni.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya siku tisa. Aliyefaulu sapu hakupewa zaidi ya C, hata angeandika vizuri namna gani. Niliiona C mbele ya namba yangu, nikarudi kuitazama tena baada ya chakula cha mchana, kuhakikisha hawajaibadilisha. Kisha nikafua nguo zangu zote. Nilikuwa sijafua tangu nishuke kwenye treni. Niliona hakuna maana ya kufua nguo za mtu anayefukuzwa.

Nilimwandikia baba kwa herufi kubwa ili asome mwenyewe. Niliandika kwamba nimefaulu, na kwamba kwa jinsi ninavyoielewa sheria, anao msingi wa kulidai lile shamba, ila asiende kulidai bila mimi. Hakimu nilimwandikia sentensi tatu.

Mwaka wa tatu tulijaza fomu za kazi, chaguo la kwanza hadi la tatu. Wenye alama za juu waliandika mashirika ya umma, yaliyokuwa na nyumba na usafiri. Alama zangu zilikuwa za kati, na ile C ilikaa pale bila kufutika. Mwenzangu wa Tanga alinisihi niandike shirika hata kama ni chaguo la tatu. Niliandika uhakimu mara ya kwanza, nikasita, kisha nikaandika uhakimu tena mahali pa pili na pa tatu. Mwenye kupokea fomu aliniuliza kama nimeelewa maelekezo.

Kwa miezi miwili niliogopa kwamba nimefanya ujinga. Barua za kupangiwa kazi zilipotoka, mwenzangu alipelekwa shirika la bandari, akawa hajui acheke vipi kwa furaha. Yangu ilisema hakimu mkazi, mkoa wa Singida. Sikuwahi kufika Singida. Nilisoma mstari huo tukiwa tumesimama nje ya geti kwa mama aliyeuza mihogo ya kukaanga, na mwenzangu akauliza ninajisikiaje.

"Nasikia njaa," nilisema, na ilikuwa kweli. Nilimaliza sahani yangu ya mihogo na pilipili, nikaomba nyingine, tukala tukijadili kama Singida kuna baridi.