Madonge ya Mashoto

Mama yangu alikuwa na kazi ambayo hata majirani walishindwa kuieleza. Alikaa dirishani, chumba cha nyuma cha duka la vitu vya kale, akiwaambia watu vikandamizo vyao vya kioo vimetoka wapi. Ni vile vya mviringo, vya kuwekea juu ya karatasi zisipeperuke, vyenye maua au nyuzi za rangi ndani. Sisi tuliviita madonge. Wenye nafasi zao huyakusanya, na kila mmoja huapa kwamba lake limetoka kiwanda cha kifahari. Mama hakubishana na mtu. Alilifuta donge kwa pindo la gauni, akalipima kiganjani, akalielekeza kwenye mwanga aone kama kioo kina ukijani, kisha akalipindua.

"Juu wanapamba," alizoea kuniambia. "Wewe tazama kitovu."

Kitovu ni lile kovu la chini, mahali donge lilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya fundi wa kioo. Kiwanda kimoja hukisugua mpaka kikapotea, kingine hukiacha kikikwaruza kidole. Na kwa kuwa fundi huizungusha fimbo anapokata, kovu hufuata mkono wake, wa kulia au wa kushoto. Niliwahi kumwona mzee mmoja aliyevaa tai akiondoka na donge lake la kifalme mdomo umemshuka. Kumbe lilitoka kiwanda cha chupa za soda. Mimi ndiye niliyeandika vibandiko, na cha siku hiyo nilikiandika kwa raha zangu.

Kaka yangu tulimwita Mashoto, maana kila kitu alifanya kwa mkono wa kushoto, hata kunizaba makofi. Alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi kwenye tanuri la kioo. Hakuwa mtu wa simu. Mara moja kwa mwaka alituma donge lenye nyuzi za buluu na kikaratasi cha salamu, na Mama akalipanga kwenye rafu ya chumba kile kile cha kazi. Hakulipindua hata moja.

"La mwanangu najua limetoka wapi," alisema. "Nilikague la nini?"

Kisha Mashoto akafa. Homa ya siku nne, akazikwa huko huko; habari zilinifikia mimi kwa simu. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu moyo wa Mama, asipewe habari za kushtua, nami nikajifanya mjuaji. Nikamwomba rafiki wa Mashoto wa kiwandani aendelee kutuma madonge. Miaka mitatu, madonge matatu. Nilikumbuka rangi, nikakumbuka mwandiko wa kikaratasi. Mimi, mtoto wa mama yule, nikasahau kitovu.

Jumanne moja asubuhi mteja alileta donge, akisema ni la kiwanda kile kile cha Mashoto. Mama akataka la kulinganisha. Nikamshushia lililokuwa mbele rafuni, kwa kuwa halikuwa na vumbi. Mpumbavu mimi.

Akalipindua. Kidole chake kikazunguka kitovuni, kikasimama, kikarudi kinyume.

"Huyu anazungusha kulia," akasema.

"Labda siku hizi wanafundishwa hivyo, Mama."

"Niletee mengine."

Akayapindua yote tisa mezani. Sita akayaweka upande huu, matatu upande ule. Mteja aliuona uso wake, akachukua donge lake akaondoka.

"Lini?"

Nikamwambia yote: simu, homa, kaburi, daktari, rafiki. Nilingoja aanguke. Hakuanguka.

"Miaka mitatu namwombea afya," akasema. "Kwenye harusi ya binamu yako nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Umeninyima kilio cha mwanangu."

"Niliogopa kukupoteza na wewe."

"Najua. Hiyo simu ilipopigwa, mimi nilikuwa wapi?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia miaka yote.

"Ulikuwa unanisuka, Mama."

Nilimwona akikumbuka: Jumamosi ile, mimi nimekaa chini katikati ya magoti yake, simu inaita, natoka uani, narudi nikisema wamekosea namba.

"Ukarudi ukakaa," akasema.

"Nikakaa."

"Na mimi nikakugombeza kwa nini unatikisika."