Kutoka Matonge hadi Ostende na Kamera Moja

Wasomaji wa kwetu Kigoma wamezoea kusimuliwa Ulaya na watu waliorudishwa uwanja wa ndege. Mimi nilikaa Brussels miaka tisa. Niliingia nikiosha vyombo, nikatoka na diploma ya ufundi wa majokofu, na hakuna mjomba wala padri aliyenishika mkono. Kwa hiyo kaeni vizuri mnisikilize.

Safari hii ilikuwa ya kuniaga, kwa kuwa nilikuwa narudi nyumbani Jumanne. Chama chetu cha Waswahili kilikodi basi kwa siku mbili: kwanza magofu, kisha miji ya pwani. Kila mtu alikuwa na furushi la kunibebesha, isipokuwa Maman Espérance, mama wa Uvira, Kongo, anayetunza wazee huko mtaa wa Berchem. Yeye alitaka nibebe picha tu, ya kumwonyesha mama yake kwamba yu hai. Wakati wa vita mama yake alivuka ziwa akafikia kambi ya wakimbizi mkoani kwetu, na barua za bintiye alizikataa. Pale kambini kulikuwa na familia iliyosomewa barua za kijana wao mwaka mzima, kumbe alishakufa na rafiki yake ndiye aliyekuwa akiandika kwa huruma. Espérance akatuma picha ya pasipoti. Yule bibi, mama yake, akajibu kwamba hata maiti wana picha za pasipoti, akanyoa nywele kama aliyefiwa na binti.

Jumamosi, saa moja asubuhi, mbele ya Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Waafrika. Hiyo ndiyo saa iliyoandikwa kwenye karatasi. Tuliondoka saa tatu na nusu. Watu walivaa kama wanakwenda kuapishwa uwaziri. Maman Espérance alikuwa na kitenge kipya na nywele alizosukwa kutwa nzima ya Ijumaa. Dereva, Mbelgiji mnene, aliniuliza nani anaoa. Nikamjibu kwa Kifaransa changu safi kwamba tunakwenda kuangalia mawe.

Saa tano tulikuwa Villers, kwenye magofu ya nyumba ya watawa. Kuta za kanisa kubwa zimesimama bila paa, matao marefu yanashikilia hewa, na nyasi zimeota pale watu walipopigia magoti. Watawa walifukuzwa wakati wa mapinduzi ya Wafaransa, miaka mia mbili iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuweka bati. Wabelgiji wamegundua kwamba nyumba ukiacha kuikarabati kwa muda wa kutosha, watu watalipa kuingia. Nilipokumbuka ofisi zetu za serikali, nikaona tumelalia utajiri.

Nikatoa kamera. Hakuna aliyesogea.

"Maman, simama hapo kwenye tao."

"Miye? Mu hii nyumba ya kubomoka? Mama ataona, atasema vita imetufuata mpaka ku Bazungu."

"Ni kanisa la kale."

"Na kule kambi nani atamuelezea? Kamata foto yako weye. Miye nangoja bahari."

Mwenyekiti wetu, Papa Léonard wa Bukavu, alifuta vumbi kwenye kiatu, akanyoosha suti. "Donc nimevaa costume juu ya mawe? Mimi nataka gari."

Basi. Mimi historia hainitishi. Nilimkabidhi dereva kamera, akanipiga picha mkanda mzima, kila moja na pozi lake, huku wenzangu wametandika vitenge nyuma yangu wanakula bugali na sombe, kisamvu cha Kikongo.

Saa kumi, Ostende. Bahari yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa, na Wazungu hujilaza mchangani wamevaa makoti, wakaita hiyo likizo. Niliweka mkanda mpya. Maman Espérance alisimama kando ya maji kama bibi harusi, hakucheka hata mara moja. Papa Léonard aliegemea Mercedes isiyo yake. Mwenye gari, mzee mpole, alisubiri tumalize, kisha akapanda akaondoka nayo.

Jumapili tulikuwa Blankenberge, penye vibanda vyeupe vya mbao vinavyofanana na vyoo vya shule, ambavyo watu hukodi msimu mzima ili wakae ndani waangalie upepo. Hapo pia nilipiga picha.

Jioni, katika basi la kurudi, Papa Léonard alifungua mgongo wa kamera.

"Papa, unafanya nini?"

"Naangalia kama Mercedes imetoka."

Mimi ni fundi. Nilijua hapo hapo kwamba mwanga umeingia kwenye mkanda, na bahari yote imeungua. Maman Espérance alitutazama mmoja baada ya mwingine, akageukia dirisha.

Jumatatu jioni nilimfuata Berchem na picha zangu za magofu, za mkanda wa kwanza uliosalimika. Ndege ilikuwa alfajiri iliyofuata. Katika moja, nyuma ya bega langu, alionekana yeye: amekaa juu ya jiwe, viatu kando, mdomo umejaa, anacheka.

"Hii hapana," alisema.

"Hakuna nyingine, Maman."

Akanirudishia niibebe, bila kunitazama.

Wiki iliyofuata nilifika kambini. Bibi alipokea picha kwa mikono miwili, kichwa chake bado kimenyolewa.

"Huyu mwanaume ni nani? Anaziba muntu."

"Ni mimi, mama."

"Na hii nyumba, nani alibomoa?"

"Ni ya zamani sana. Watu hulipa kuiona."

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa. Kisha akaisogeza picha karibu na macho, na kidole chake kikasimama nyuma ya bega langu. Akaketi chini.

"Anakula na mukono ya kushoto," alisema. "Nilimupiga kwa ile mukono mpaka nikachoka."

Miaka tisa niliishi kati ya watu wanaojipiga picha na magari ya wenzao, mimi mwenyewe nikiwa fundi wa kupendeza mbele ya kamera. Siku ile nilijifunza kwamba huku nyumbani hawaangalii tunakosimama. Wanatafuta kama bado ni sisi.

Nilipoaga, bibi aliniita nyuma.

"Mwambie akule tu. Na mukono yoyote."