Blanketi Lenye Tuta

Kavugho alikuwa na mikono ya jembe, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Kwenye shamba la mihogo kule Mangina hakuna aliyemfikia. Kwenye cherehani ya mume wake, hata kuigusa aliogopa. Luc, mume wake, alikuwa fundi wa barazani mwenye maneno mengi, na alipenda kuwaambia wateja kwamba mke wake akishona suruali, atakayeweza kuivaa ni nyoka tu. Watu walicheka. Kavugho naye alicheka, maana alipendwa na alijua anapendwa. Lakini neno likirudiwa miaka tisa hujenga nyumba moyoni.

Luc aliuawa mwaka 2000, asubuhi ya siku ya soko, askari walipoingia kuchukua nguo, mbuzi, na uhai wa yeyote aliyesimama mlangoni. Walikuwa askari wa kundi gani, hata leo watu wanabishana. Mimi sioni faida ya kubishana. Kavugho alipata muda wa kuchukua kitu kimoja. Alichukua cherehani, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaifunga kwenye kitenge na kuiweka mgongoni, ukanda ukapita kwenye paji la uso, vile wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni na viazi. Binti yao Joyeuse alikuwa na miaka sita. Yeye alitembea. Mangina mpaka Beni, Beni mpaka Butembo, siku sita za mvua, mtoto miguu mitupu nyuma ya mama aliyebeba chuma. Hakulia, na hakuomba kubebwa.

Msimlaumu upesi. Alifikiri kwamba chuma kile ndicho kitakachowalisha, na kwa hilo alifikiri vizuri. Lakini walipofika Vulamba, mtaa mmoja wa Butembo, kwa Virginie, dada yake Luc, Joyeuse alikuwa na kikohozi, na kikohozi hicho hakikuondoka. Butembo ni mji wa juu zaidi milimani. Baridi yake haimwonei haya mtu wa Mangina. Mtoto alijifunika kitenge kimoja chepesi, na mama alisikiliza kifua kile kikikwaruza akajua nani wa kulaumiwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Virginie alikuwa na moyo mwema, lakini shamba hakuwa nalo.

"Jembe yako njo ile mashini," alimwambia, na "njo" kwetu ni "ndiyo" au "ndiye". "Mama Godelive anafundisha banamuke kushona mablanketi pale parokiani. Kwenda. Mutoto atakufa na baridi."

Godelive alikuwa mjane wa siku nyingi, mwembamba, asiyependa hadithi. Blanketi lake lilikuwa la tabaka tatu: juu vipande vya vitenge walivyopewa na mafundi wa sokoni, katikati sweta za mitumba zilizochakaa, chini gunia la unga lililofuliwa. Kazi ilikuwa kuzipitisha tabaka zote tatu chini ya sindano, mstari baada ya mstari, mpaka ziwe kitu kimoja. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza nguo. Mkono mmoja kwa mzigo wote ule, na Kavugho alijiambia kwamba huo mmoja nao ni wa jembe.

Akaanza. Na hapa alifanya kosa ambalo mtu wa nchi tambarare asingelifanya. Sisi mashamba yetu yamelala kwenye miteremko, na mteremko hulimwa kuanzia chini, uso ukitazama juu, hatua kwa hatua mpaka kileleni. Kavugho akalima blanketi lake vivyo hivyo. Alianza ukingo wa chini, akapanda. Kila mstari ulisukuma kitambaa cha juu mbele kidogo, kidogo tu, kama udongo mbele ya jembe, na alipokaribia ukingo wa juu kilikuwa kimejikusanya mkunjo mnene kama mkono wa mtoto. Lilikuwa tuta kamili, ungeweza kupanda viazi. Na mistari yenyewe ilijipinda kama Luc alivyotabiri.

Wanawake wenzake walicheka bila ubaya. Kavugho hakucheka. Aliketi akafumua yote, uzi kwa uzi, akashona tena, mistari ikapinda na tuta likarudi, akafumua. Wiki mbili. Wiki tatu. Wenzake walimaliza, wakafunika watoto wao. Joyeuse aliendelea na kitenge chake, akikohoa pembeni ya mama anayefumua.

Wiki ya tano Godelive alilichukua blanketi, likiwa limefumuliwa lote isipokuwa tuta, akalinyoosha kuelekea dirishani. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya sindano, mamia ya matundu, na pale alipovuta kidogo kitenge kilichanika.

"Unaona? Hapana sindano njo inapasua. Ni weye," alisema. "Juu ya nini unafumua?"

Neno likamtoka Kavugho. "Mama, mimi nilibeba mashini. Yeye akatembea. Siku sita. Donc, basi, hii blanketi haiwezi kuwa na kosa. Hata moja."

Mwingine angempa neno tamu. Godelive hakuwa nalo. "Ile njia imekwisha kupita, hautaifumua," alisema. "Mutoto iko anasikia baridi leo. Anza katikati, enda kandokando. Na pale penye tuta, acha."

Alianza katikati. Aliona aibu kila mstari ulipopinda, na sitawadanganya kwamba aibu ile iliisha. Aliizoea tu, kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni. Lile tuta la ukingo wa juu halikuweza kufumuliwa tena bila kuchana nguo yote, basi alilikunja na kulishonea juu mara tatu, mpaka likawa nene na gumu. Lilikuwa blanketi baya kuliko yote ya parokia. Siku aliyomfunika nalo Joyeuse, mtoto alilala mchana kutwa bila kukohoa, na Kavugho alikaa karibu yake akilia kwa furaha na kwa hasira.

Kikohozi kilipungua, hakikwisha. Mwaka uliofuata waasi walioushika mji waligombana wao kwa wao, na Jumanne moja kabla ya saa sita mchana risasi zilianza kulia upande wa soko, zikakaribia. Virginie alikuwa ameshatoka nje na sufuria kichwani. Joyeuse alikuwa na homa tangu Jumapili, na miguu haikuweza kumbeba.

Cherehani ilikuwa juu ya meza karibu na mlango. Mashine ya Luc, chakula cha kesho, kitu pekee chenye alama ya vidole vyake. Kavugho aliitazama kwa muda ambao baadaye alisema ulikuwa mrefu mno. Kisha alimvingirisha mtoto kwenye blanketi, akamweka mgongoni, akapitisha ukanda chini ya lile tuta. Ukanda ulishika pale na haukuteleza. Akauvuta kwenye paji la uso na kutoka.

Walifuata njia ya Lubero pamoja na watu wengi waliotembea bila kusemezana. Kuna mahali njia inapanda sana, na hapo alisimama kupumua. Nyuma yao moshi ulikuwa unatoka Vulamba. Aliujua moshi ule, na alijua kwamba mlango aliouacha wazi hautarudishwa na mtu mwema.

Joyeuse aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi. Ngozi yake ilikuwa inawaka.

"Mama, mashini iko wapi?"

"Niliiacha."

Mtoto alilaza tena kichwa, na mama yake alifikiri amelala. Kisha akasikia sauti ile ndogo karibu na sikio lake, bila lawama yoyote, sauti ya mtu anayetaka tu kuwa na hakika.

"Donc leo njo mimi unabeba."

Kavugho alirekebisha ukanda kwenye paji la uso, akaendelea kupanda.