Mtoto Aliyesemea Mgongoni

Asubuhi niliyoondoka Baleni sikuwa na safari. Niliamka, nikanawa uso, nikafunga shuka na kisu changu, nikatoka kabla mwenye shamba hajanionyesha rundo la nazi la siku ile. Ndivyo nilivyoishi miaka ile ya Wadachi. Chuoni nilitoka mapema. Mwalimu alimwambia mama kwamba miguu yangu haijui kukaa mkekani, na alisema kweli. Nikisikia kijiji, nataka kukiona. Nikikiona, nataka kingine.

Lakini asubuhi ile kulikuwa na jambo lililonisukuma, nalo nililisikia jana yake jioni nyuma ya ua.

Mahali nilipofulia nazi palitenganishwa na nyumba ya jirani kwa ua wa makuti yaliyooza. Upande wa pili alikaa mwanamke kiziwi, mzaliwa wa kisiwa cha Chole, aliyeolewa na baharia. Mumewe alionekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo mkubwa wa nyumba ile alikuwa mavyaa yake, mama wa huyo mume. Kijiji kizima kilimwita Bubu, hata mbele ya macho yake. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ameanza kusimama dede.

Mimi nikiona jambo nisilolielewa siwezi kuondoa macho, na mambo ya mama yule na mwanawe niliyatazama kupitia makuti tangu mtoto hajajua kuketi. Kila alipotaka kumnyonyesha, kwanza alikunja na kukunjua kiganja mbele ya uso wa mtoto, kama anayekama tui. Ndipo akampa ziwa. Mtoto alimkodolea macho tu, kama watoto wanavyokodolea taa. Mama hakuchoka. Tui, kisha ziwa. Tui, kisha ziwa. Mimi ndiye niliyechoka kwa niaba yake. Kisha asubuhi moja kile kiganja kidogo kikafumbuka, kikafumba. Mama aliketi chini pale pale uwanjani akacheka bila sauti mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Moto ulikuwa kupuliza ncha za vidole. Maumivu yalikuwa kushika sikio. Subiri ilikuwa kiganja kilicholazwa kifuani. Na kwa kuwa mtoto akiwa ndani ya mbeleko mama hamwoni wala hamsikii, alimfundisha kusemea mgongoni. Makofi mawili mgongoni, maana yake kuna mtu nyuma. Nilimwona akipita kisimani, mkono mdogo unachomoka kwenye kitambaa, pa, pa, naye anageuka na kumwamkia mtu ambaye hangeweza kamwe kumsikia akija.

Watu waliogopa. Mtoto yule hakulia kama wengine, maana kilio hakikuwa kimemletea mtu. Mkono ndio uliomletea. Wanawake kisimani walisema mama amemfunga ulimi makusudi, asibaki peke yake katika ububu wake. Sikumwona mavyaa kuwa mtu mbaya. Alikuwa na mjukuu mmoja, naye alimwona akizama.

Jana yake jioni alimleta mganga. Walizungumza karibu na ua, nami nikaacha kufua.

"Anasikia?" mganga aliuliza.

"Anasikia. Jogoo akiwika anageuka."

"Basi ulimi umelala kwa sababu mikono imeamka. Ifungwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aombe kwa kinywa."

"Na mama yake?"

"Akae mbali. Akimwona tu, atamfungua."

Bibi yule aliingia ndani, akatoka na kitambaa cha kaniki, akampima mtoto vifundo vya mikono, kimoja kimoja, kama fundi apimaye kanzu. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Hakusikia neno. Lakini alikiona kitambaa.

Kwa hiyo nilipotoka alfajiri, nilitoka kama mtu anayeondoka nyumba yenye mgonjwa. Nilifuata njia ya kusini kwa kuwa ilikuwa tupu. Nilipopita mashamba ya minazi nikaona mwanamke mbele yangu, anakwenda upesi, kichwa kimefunikwa. Nilizidisha mwendo ili nimpite. Mkono mdogo ukachomoka mgongoni mwake. Pa, pa. Mwanamke akageuka na jiwe mkononi.

Tulitazamana. Alinijua, nami nilimjua. Jiwe hakuliweka chini. Kwa mkono mwingine alijizungushia kitambaa kisichokuwapo kwenye kifundo, akamnyoshea kidole mtoto mgongoni, kisha akaonyesha upande wa bahari, mbele. Chole. Alikuwa anarudi kwao.

Hofu iliyonishika sikuitarajia. Mke wa mtu, peke yake, njiani na mfua nazi asiye na kwao. Nani angeuliza zaidi? Ningepelekwa bomani na kupigwa hamsa ishirini za kiboko mbele ya watu, na boma lenyewe lilikuwa huko huko Chole anakokwenda. Nilisimama. Yeye akaendelea. Alikuwa amefika karibu na konde la mihogo nilipojikuta namfuata, ila kwa mbali, nikijiambia kwamba njia ni ya kila mtu.

Sauti nilizisikia mimi kwanza, nyuma yetu. Yeye, bila shaka, hakusikia. Nilifungua kinywa nimwite, nikakumbuka. Mtoto akageuza shingo, akatazama kule nyuma yangu, akampiga mama yake mgongoni, pa, pa, kisha tena. Mama hakutazama hata nani anakuja. Aliingia kwenye mihogo. Nami, badala ya kubaki njiani kama mtu asiye na hatia, nikaingia pia.

Tulilala chini kwenye udongo. Alikuwa amemvuta mtoto mbele, kamfunika kwa kifua. Wanaume wawili walikuja, mmoja mdogo wa mumewe, yaani shemeji yake, na mwenziwe. Wakasimama sawasawa mbele yetu, kwa sababu shemeji alichomwa na mwiba.

"Nakwambia hakupita huku," alisema akiwa ameinua mguu. "Hasikii, njia ataijuaje?"

"Kwani wewe njia unaiona kwa masikio? Lete huo mguu."

"Polepole! Mama kasema nisirudi bila mtoto. Mganga yuko pale tangu asubuhi, amekwisha kula kuku mzima."

"Na yule mfua nazi? Nguo zake hazipo."

"Ndiyo hivyo. Wamekwenda pamoja."

"Basi safari hii atafuliwa yeye. Askari wanajua kufua."

Wakacheka. Jasho lilinitiririka machoni na sikuthubutu kulifuta, kwa kuwa jani moja likitikisika tumekwisha. Ndipo nikamtazama mtoto. Mdomo wa chini ulikuwa unatetemeka. Alikuwa na njaa, au alikuwa amebanwa. Nimeona watoto wengi, najua kinachofuata mdomo ukitetemeka namna ile. Mama alimtazama usoni, wala hakuwa na njia nyingine ya kujua kama kilio kimeanza. Akalaza kiganja kifuani mwake. Subiri.

Mtoto akainua mkono mbele ya pua ya mama yake. Kiganja kikafumbuka na kufumba. Mama akarudia, subiri. Mtoto akakama tui kwa nguvu, kwa hasira, ngumi ikitetemeka, uso umejaa machozi. Ilikuwa kelele ya mtu mwenye njaa, na sauti haikutoka hata kidogo.

"Mwiba umetoka," mwenziwe alisema. "Twende Kilindoni, labda wanatafuta chombo cha kwenda Bara."

Waliposhika njia nyingine, mama alifungua kanga na kumpa ziwa. Mimi nilibaki nimelala kifudifudi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kutoka pale tulipita vichochoro vya mashamba. Hatukukaribiana wala hatukuachana. Pwani ya Utende tulipata mvuvi mwenye mtumbwi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mkeo?"

"Dada yangu."

"Mbona hamfanani?"

"Mama mbalimbali."

"Na baba mbalimbali pia," alisema, akapiga kasia.

Upande wa Chole mwanamke alikuwa amechoka. Alimfungua mtoto, akanifunga mimi mbeleko bila kuniomba ruhusa. Hivyo ndivyo nilivyopita karibu na boma, mwanamume mwenye mtoto mgongoni, macho chini. Ukuta wake mweupe uliniumiza macho. Tulikuwa tumekwisha kuupita nilipohisi kwenye bega, pa, pa.

 Hakuna aliyewahi kusema nami kwa namna ile, na neno la kwanza nililoambiwa lilikuwa hilo: kuna mtu nyuma yako. Niligeuka polepole. Askari alikuwa anakuja na bunduki begani.

"Ewe!" aliita. Nikasimama. Alitukaribia, akanizunguka, akainama kumtazama mtoto, akanitazama kifuani. "Na maziwa unayo?"

"Sina, bwana."

"Basi mpe mwenye nayo, umetutia aibu wanaume." Akaenda zake akicheka peke yake. Nikaendelea kutembea.

Nyumba tuliyoiendea ilikuwa ya shangazi yake, ndugu wa baba yake, ndiye aliyemlea. Bibi mwembamba alikuwa ameketi kizingitini anasuka ukili. Alimwona mwanawe, asisimame, mikono tu ikaacha kusuka.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Huyo mgongoni ndiye?"

Nilimteremsha mtoto, akasimama dede akishika ukuta. Bibi hakumbeba. Aliinua mkono, akakunja na kukunjua kiganja, kama anayekama tui. Mtoto alishtuka. Akamtazama mama yake, akamtazama bibi, akaangalia tena ule mkono mkongwe ambao hakupata kuuona. Kisha akajibu.

"Tui lilianza hapa," bibi aliniambia. "Huyu nilimlea hivi hivi. Wamemfanya nini?"

Nikamweleza yote: mganga, kaniki, watu wa njiani. Mama alisimama kando akitusoma midomo na nyuso. Mwisho nikamwuliza bibi lile nililolichukua moyoni tangu Baleni. "Atasema kwa kinywa?"

"Sijui."

Nilitaka jibu jingine.

"Mama yake hakusikia, angesema nini? Anayesikia sijapata kumlea," aliendelea. "Nitamsemesha kwa mkono na kwa mdomo, vyote. Lakini wakimfunga mikono, huyu hapa atakaa chumba kimoja na mwanawe asijue kama anaungua." Akaanza kukusanya ukili wake upesi upesi. "Watakuja. Wasipokuja leo watakuja kesho. Asubuhi twende kwa kadhi kabla yao. Mtoto wa ziwa ni wa mama yake, na kama si hivyo akatae kadhi mwenyewe. Ila atauliza, na huyu atajibu kwa mikono. Mimi nikimtafsiria, watasema ni shangazi, nampendelea. Wewe mikono yake unaijua?"

"Kidogo, bibi."

"Kidogo gani?"

"Tui. Moto. Sikio. Subiri. Mtu nyuma."

"Yanatosha kuanzia. Unalala wapi?"

Sikuwa nimefikiri. Njia ya kwenda pwani ilikuwa wazi nyuma yangu, na mvuvi wa Utende alikuwa bado hajaondoka. Nilimsikia akigombana na mtu juu ya pweza.

"Sina mahali."

Alinitupia mkeka. "Lala hapo ukumbini, mlangoni. Yeye hasikii, na mimi masikio yamezeeka. Mtu akija ujue wewe kwanza."

Niliutandika mkeka kando ya mlango, nikaketi nimewapa mgongo, uso upande wa njia. Kila hatua iliyopita nje niliihesabu kuwa ya shemeji. Ndani walikuwa wanapika. Mara nikahisi mgongoni, pa, pa, nikageuka kwa hofu nikitafuta kisu.

Alikuwa mtoto, ameshika ukuta, amesimama dede. Nyuma yangu hapakuwa na mtu mwingine ila yeye.

Nikamlazia kiganja kifuani, asubiri. Kisha nikageukia mlango, nikaendelea kusikiliza.