Alama za Chaki

Juzi mpwa wangu alikuwa akitazama kwenye simu mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira mfano wa yai. Majina ya wachezaji yalipita chini ya kioo, kila jina na hesabu zake. Ghafla nikanusa chaki, na karafuu zilizoanikwa juani.

Katibu wa timu yetu, Mzee Faki, alikuwa na ubao nje ya maskani. Timu ikisafiri, aliandika majina ya waliopanda chombo hasa, si ya waliochaguliwa, maana alichukia kumbukumbu za uongo. Alasiri ile vijana walikuwa wamevuka kwenda Kojani kucheza, na kaka yangu Omari miongoni mwao. Simu ya katibu ikalia. Akasikiliza, akaenda ubaoni, akatia alama mbele ya jina la golikipa. Ikalia tena, akatia nyengine.

Mie nilidhani ni magoli. Sikujua kwamba chombo kilikuwa kimepinduka, na kwamba zile zilikuwa alama za waliookotwa hai. Nilishangaa tu golikipa kufunga, na watu wazima waliojaa pale wasishangilie. Chaki ilisikika ikikwaruza.

"Bado nani?" mama aliuliza, kwa sauti nisiyoijua.

"Omari, Bi Asha. Tusubiri."

Simu haikulia tena. Mzee Faki alibaki amesimama na chaki yake. Nikavuta kanga ya mama, nikamwambia asihuzunike, Omari atafunga mechi ijayo.